Betri Inayokufa Usiku: Kutafuta Umeme Unaotoroka Katika Motokaa ya Zamani

Mwenye motokaa ya zamani aweza kulala akiwa na gari zima na kuamka hana. Jioni injini iliwaka bila taabu na taa ziking'aa. Asubuhi, ufunguo ukizungushwa, husikika mlio mdogo tu chini ya boneti, kisha kimya. Majirani huitwa kuisukuma. Jambo hili likitokea mara tatu, watu humshauri anunue betri mpya, naye hutoa fedha za karo au za mbegu akainunua. Haupiti mwezi, majirani wanaitwa tena.

Basi yafaa kufahamu kwanza kwamba betri huweka umeme iliopewa, kama pipa liwekavyo maji. Pipa likikutwa tupu asubuhi, huenda jana halikujazwa, au limetoboka, au mtu ameacha bomba lake wazi usiku kucha. Anayenunua pipa jipya ameondoa sababu moja tu katika hizo tatu, na mara nyingi siyo ile iliyomdhuru.

Kuzitenganisha sababu hizo si kazi ngumu. Huhitajiwa mita ndogo ya umeme, ambayo bei yake ni ndogo sana kuliko ya betri. Betri ya volti 12 iliyojaa, ikiwa imepumzika saa kadhaa, huonyesha volti 12.6 au zaidi kidogo, ikionyesha 12.2 imebakiwa na kiasi cha nusu. Chini ya 12 ni kama tupu. Kisha injini iwashwe na kuharakishwa kidogo. Mita ikipanda kufikia kati ya 13.8 na 14.4, betri inajazwa vyema. Ikibaki palepale, kosa liko katika kujaza: pengine mkanda wa feni umelegea, au dinamo imechoka, au waya wake umekatika. Tena ijulikane kwamba dinamo za zamani hazitoi umeme wa kutosha injini inapozunguka polepole. Mtu aendaye dukani tu kila jioni, taa zikiwaka, hutumia umeme mwingi kuliko anaorudisha, na gari lake halina ugonjwa ila safari fupi.

Betri ikiisha kujazwa, nyaya zake zifunguliwe na iachwe peke yake usiku kucha. Ikianguka kufikia 12.2 au chini, hali haikufungwa popote, imetoboka, na hapo fedha za betri mpya hutumika kwa haki. Ikisimama imara, lakini hufa kila inapofungwa garini, basi kuna bomba lililoachwa wazi, na kazi ya kulitafuta yaanza.

Kabla ya kugusa kitu, pete na saa ya chuma zivuliwe, maana pete ikiunganisha vichwa viwili vya betri huunguza kidole vibaya sana. Sigara nayo izimwe, kwani betri inayojazwa hutoa hewa iwakayo. Waya wa kufunguliwa kwanza, na kurudishwa mwisho, ni ule ufungwao kwenye bodi ya gari. Ufuatwe kwa macho, usidhaniwe tu kuwa ni wa hasi: katika magari mengi ya Kiingereza ya zamani, kama Morris Minor na Land Rover za kwanza, kichwa cha chanya ndicho kilichofungwa kwenye bodi.

Sasa ufunguo uondolewe, taa zote na redio zizimwe, milango ifungwe. Taa ya kujaribia, ambayo mafundi huiita testa, iwekwe kati ya waya uliofunguliwa na kichwa chake cha betri. Umeme wowote unaotoroka hauna budi kupitia humo, na ukiwa mwingi testa itawaka. Ukiwa mdogo sana haitawaka. Hapo mita iwekwe mahali pa testa, ipime ampea. Ampea 0.05 au chini si neno, maana saa ya dashibodi nayo yataka chakula. Lakini mtu asijaribu kuwasha injini hali mita imefungwa hivyo, kwa kuwa stata huvuta zaidi ya ampea 100 na mita itaharibika papo hapo.

Testa ikiwaka, fyuzi zitolewe moja moja, kila moja ikirudishwa kabla ya kutoa nyingine. Ile ambayo ikitolewa testa huzimika, ndiyo ilindayo njia yenye kosa. Kazi iliyobaki ni kufuata njia hiyo, kufungua kitu kimoja kimoja mpaka testa izimike tena. Hapa pana taabu moja. Magari mengi ya Kiingereza ya miaka ya 1950 yalitengenezwa na fyuzi mbili tu, na nyaya kadhaa hazikupitia humo. Kwa hiyo fyuzi zote zikiwa nje na testa ingali yawaka, motokaa haikurogwa. Zifunguliwe nyaya zisizo na fyuzi, kuanzia zile za dinamo.

Kati ya dinamo na betri kuna kisanduku chenye swichi ijifungayo na kujifungua yenyewe, ambayo mafundi huiita katauti. Kazi yake ni kuunga njia dinamo inapotoa umeme, na kuikata injini isimamapo. Ncha zake zikiungua na kushikana, betri humimina umeme wake ndani ya dinamo iliyolala. Huo si mchirizi bali mafuriko: nyaya hupata moto na harufu ya kuungua hunuka. Betri ifunguliwe mara moja. Katika magari yenye altaneta kazi hiyo hufanywa na daiodi, nazo zikiharibika umeme huweza kurudi nyuma vivyo hivyo.

Lakini mara nyingi kosa ni dogo hata la kuchekesha. Peugeot 404 ilishinda mashindano ya Safari katika miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968, na 504 ikashinda 1975 na 1978, katika matope na mawe. Gari la namna hiyo hiyo huweza kushindwa na taa ya buti ambayo swichi yake imeshika kutu. Taa ya wati 5 huvuta ampea 0.4 tu. Kwa usiku mmoja wa saa 12 hula ampea-saa 5, na injini huwaka kama kawaida. Likiachwa tangu Ijumaa jioni hata Jumatatu alfajiri, yaani saa 60, zimekwenda ampea-saa 25, zaidi ya nusu ya betri ya 45. Ndiyo maana mwalimu ambaye gari lake ni zima kila siku ya kazi hulikuta limekufa Jumatatu. Ili kuhakikisha, buti lifunguliwe ghafula usiku na glopu iguswe kwa uangalifu. Ikiwa na joto, ilikuwa ikiwaka gizani.

Pengine kosa ni waya uliochubuka mahali upitapo katika tundu la bati, na huo hukata fyuzi. Wako watu waizungushiao fyuzi iliyokatika karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Fyuzi hukatika ili waya usiungue. Ikizuiwa, huungua waya, na baada ya waya viti, na baada ya viti gari lote.

Kosa likiisha kutengenezwa, vichwa vya betri visuguliwe kwa msasa na, vikiisha kufungwa, vipakwe grisi. Betri ijazwe kamili, kisha mita isomwe asubuhi tatu mfululizo kabla injini haijawashwa. Ikionyesha 12.5 au zaidi kila asubuhi, betri ya zamani ibaki mahali pake.