Mtu Mzima Asiyeona Vizuri Usiku: Kisukari Kisisahaulike

Wengi wetu tumezoea kuamini kwamba asiyeona vizuri gizani amepungukiwa na vitamini A, na kwamba dawa yake ni karoti, mchicha na maini. Kwa mtoto mwenye utapiamlo, imani hiyo ina msingi. Lakini kwa mtu mzima anayekula mlo wa kawaida, ambaye ameanza kujikwaa magharibi au kuogopa kuendesha pikipiki usiku, kisukari ni miongoni mwa sababu zinazopaswa kuchunguzwa mapema.

Kisukari hudhuruje uwezo wa kuona gizani?

Nyuma ya jicho upo utando uitwao retina, wenye seli zinazopokea mwanga. Seli zinazotuwezesha kuona katika mwanga hafifu huhitaji oksijeni nyingi zaidi wakati wa giza. Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu, mishipa midogo ya damu ya retina hudhoofika, huvuja au huziba, na oksijeni hupungua. Ndiyo maana baadhi ya wagonjwa huchelewa kuzoea giza ilhali mchana husoma vizuri.

Zipo njia nyingine pia. Mtoto wa jicho huwapata wenye kisukari mapema zaidi, na taa za magari huwatia kiwi. Tiba ya leza, ambayo huwakinga wengi na upofu, huweza kupunguza uoni wa pembeni na wa usiku. Mgonjwa aelezwe hilo kabla ya tiba. Aidha, ugonjwa sugu wa kongosho huweza kuleta kisukari na wakati huohuo kuzuia mwili kufyonza vitamini A. Kwa hiyo sababu moja haiondoi nyingine.

Kwa mhudumu wa afya

Mtu mzima akilalamika kutoona usiku, mpime sukari. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ikiwa 7.0 mmol/L au zaidi, kipimo kirudiwe ili kuthibitisha. Usiridhike na ubao wa herufi pekee, kwani mgonjwa huweza kusoma hadi mstari wa mwisho huku retina imekwisha kudhurika. Mpe rufaa akachunguzwe retina baada ya kuwekewa matone ya kupanua mboni. Mwenye kisukari cha aina ya 2 achunguzwe mara tu anapogunduliwa. Wa aina ya 1, ndani ya miaka 5. Kisha wote wapimwe kila mwaka, au kama daktari wa macho atakavyoelekeza.

Kwa mgonjwa

Usijinunulie vidonge vya vitamini A. Vikizidi hudhuru ini, na kwa mjamzito huweza kumlemaza mtoto aliye tumboni. Mchicha ni chakula chema, ila hauzibui mishipa iliyoziba. Kinachokinga macho ni kudhibiti sukari na shinikizo la damu, kuacha tumbaku na kuhudhuria kliniki hata usipohisi tatizo. Siku ya kuwekewa matone, usiendeshe chombo cha moto mpaka uoni urejee.

Ukiona ghafla madoa meusi yakielea, au kivuli mithili ya pazia, nenda hospitali siku hiyohiyo. Sehemu ya retina iliyokwisha kufa hairudi. Iliyo hai bado inaweza kuokolewa.