Floridi na Nyaya za Kupanga Meno: Maswali na Majibu

Nyaya za kupanga meno hutengenezwa kwa metali gani?

Zinazotumika zaidi ni za chuma cha pua, za nikeli na titani, na za beta-titani. Waya wa nikeli na titani huwekwa mara nyingi mwanzoni mwa matibabu. Hupindwa ufuate meno yalivyo, na kadiri unavyorudi katika umbo lake ndivyo unavyoyasogeza polepole. Titani haishiki kutu kwa sababu hewa huifunika kwa utando mwembamba sana wa oksaidi.

Floridi huudhuru waya kwa njia gani?

Floridi ikichanganyika na asidi, hutokea asidi ya haidrofloriki, ambayo huyeyusha utando huo. Metali iliyobaki wazi huanza kulika na uso wake huwa wa kukwaruza. Haidrojeni nayo hupenya ndani na kuifanya iwe rahisi kuvunjika. Waya wa namna hiyo huweza kukatika ghafla, kupungukiwa na nguvu ya kurudi, au kukwama kwenye vibano vilivyogandishwa kwenye meno badala ya kuteleza. Meno yakisogea kwa shida, matibabu huweza kurefuka.

Je, bidhaa zote zenye floridi zina hatari sawa?

Hapana. Ya kuangaliwa zaidi ni jeli ya floridi yenye asidi ambayo hupakwa kliniki: ina takriban sehemu 12,300 za floridi kwa milioni, na pH yake ni kati ya 3 na 4. Dawa ya kawaida ya meno ina sehemu 1,000 hadi 1,500, na nyingi hazina asidi kali. Vanishi ya floridi hufikia 22,600, lakini si ya asidi. Madhara mengi yameonekana maabarani, nyaya zikiwa zimelowekwa kwa muda mrefu. Mdomoni, mate hupunguza makali ya dawa.

Maji ya Nakuru, Kenya, nayo yanaharibu nyaya?

Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa imejaa floridi. Ziwa Nakuru liliwahi kupimwa miligramu 2,800 kwa lita, na visima vingi vya eneo hilo hupita kiwango cha 1.5 kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Hata hivyo, maji ya kisima yenye miligramu 10 kwa lita, yaani sehemu 10 hivi kwa milioni, bado hayazidi sehemu moja kwa mia ya floridi iliyomo katika dawa ya meno, na kwa kawaida si ya asidi. Yanachoharibu ni jino lenyewe, linapojiunda ndani ya taya la mtoto, hasa kabla ya miaka 8. Huota likiwa na madoa meupe au ya kahawia, na likizidiwa huwa na vishimo. Vibano navyo huweza kubanduka kwa urahisi zaidi kwenye enameli ya aina hiyo, hivyo daktari huhitaji kuiandaa kwa uangalifu kabla ya kuvigandisha.

Je, aliyewekwa nyaya aache dawa yenye floridi?

Asiache. Chakula hunasa kando ya vibano, na bila kinga meno huanza kuoza kwa madoa meupe. Kupiga mswaki mara mbili kwa siku na kutema povu ni lazima. Floridi ya ziada ikihitajika, iliyo salama zaidi kwa nyaya za titani ni vanishi au jeli isiyo na asidi. Mtoto mdogo apewe dawa kidogo sana, naye afundishwe kutoimeza.

Familia inayotumia maji ya kisima ifanye nini?

Maji yapimwe kwanza. Kuyachemsha hakuondoi floridi. Maji yakipungua, floridi huzidi kukolea. Maji ya mvua yaliyovunwa vizuri huwa na floridi kidogo sana. Vichujio vya mkaa wa mifupa, ambavyo Dayosisi Katoliki ya Nakuru imevisambaza kwa miaka mingi, huinasa floridi, mradi mkaa ubadilishwe unapochoka. Kinga hiyo humfaa zaidi mtoto ambaye meno yake ya ukubwani bado hayajaota.