Ipe printa anwani isiyohamahama

Mdogo wangu wa Beni, ujumbe wako nimeusoma, na hauko peke yako. Unachapia wanafunzi wa chuo kikuu cha UCBC kazi zao pale nyumbani. Asubuhi printa inatii, umeme ukikatika na kurudi inakataa. Kompyuta inasema printa haipo, nawe unaiona mezani inawaka. Hata wadogo zangu wa Butembo wanaopokea wanafunzi wa chuo kikuu cha Graben wananiletea kilio hichohicho. Tafadhali, usiuze printa yako kwa hasira, na usimlipe mtu akufutie kila kitu aanze upya. Mara nyingi printa ni nzima.

Shida iko kwenye anwani. Ruta humpa kila mgeni wa wifi namba yake: simu, kompyuta, printa. Umeme ukirudi na vyote vikawaka kwa pamoja, printa inaweza kupewa namba mpya, huku kompyuta ikiendelea kupeleka kazi kwenye namba ya zamani, kama anayembishia hodi jirani aliyekwisha kuhama parsele. Kwetu, ambako siku moja tunatoka kwenye umeme wa kampuni, tunaingia kwenye sola, kisha jenereta, namba hizo zina nafasi nyingi za kubadilika.

Basi fanya hivi. Kwenye menyu ya printa tafuta ukurasa wa hali ya mtandao, uuchapishe. Humo utaona anwani ya IP, ndiyo ile namba inayotolewa na ruta, na anwani ya MAC yenye herufi na tarakimu 12. Hiyo ya MAC ndiyo kitambulisho cha printa. Haibadiliki umeme unapokatika. Kisha, kompyuta ikiwa kwenye wifi ya nyumbani, fungua kivinjari na uandike anwani ya ruta. Mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, modemu nyingi za mfukoni za Huawei hutumia 192.168.8.1. Tazama kibandiko chini ya ruta. Neno la siri la kuingilia humo huwa tofauti na lile la wifi. Tafuta sehemu ya DHCP, ndiyo inayogawa namba, uiagize ruta iitunzie MAC ile namba moja daima, tuseme 192.168.1.50. Zima printa, iwashe tena, uhakikishe imeipokea.

Wengi huishia hapo, halafu wananiandikia tena. Bado kompyuta! Kwenye Windows, ondoa printa ya zamani, uiongeze upya kwa kuandika mwenyewe ile anwani ya IP. Usichague ile iliyojitokeza yenyewe kwenye orodha, kwa sababu hiyo ndiyo hupotea ovyo.

Kama printa haioni wifi kabisa, jua kwamba printa nyingi za nyumbani hutumia mawimbi ya GHz 2.4 tu. Ruta ikiwa na GHz 5 pia, ipe kila moja jina lake, printa uiunge na ile ya 2.4, ambayo pia hupenya vizuri zaidi kuta za matofali. Na ikiwa neno la siri linakataliwa na kompyuta yako ilipitia Kampala, huenda kibodi yake haijapangwa kama zetu za Kifaransa: A na Q hubadilishana nafasi, vilevile Z na W. Bonyeza alama ya jicho ulione neno la siri kabla ya kulituma.

Msinunue mega kwa ajili ya kuchapisha. Hati iliyo tayari kwenye kompyuta hupita ndani ya nyumba tu, hata mtandao wa nje ukiwa umekufa. Kinachohitajika ni ruta iwake, kwa hiyo kwenye betri ya sola iwasheni hiyo kabla ya printa. Wanaotumia simu kuwa ruta, nawasihi waache: simu ikienda sokoni, wifi nayo imeondoka, na simu nyingine hubadilisha mpangilio wa namba kila mara. Ruta ndogo isiyo na laini ya simu inatosha kabisa kwa kazi hii.

Tena, wateja msiwape neno la siri la wifi hiyo. Kazi za watu zinapita humo, na nyingine ni za siri. Fungueni wifi ya wageni. Kutoka huko kwa kawaida hawataiona printa, nanyi ndivyo mnavyotaka. Hati zao wazilete kwa flashi au kwa WhatsApp.

Wewe wa Beni, ukikwama kwenye ukurasa wa ruta, niandikie jina la modeli lililo chini yake. Neno la siri usinitumie.