Kumuuzia Jirani Usiyemjua

Somo la wiki kwa familia

Maandiko ya kusoma pamoja: Mambo ya Walawi 19:13-18 na 19:33-36, Kumbukumbu la Torati 22:8, Zaburi 15, Malaki 1:6-8



Huu ni msimu wa kuhama. Mikataba ya nyumba inaisha, shule zinafungwa, na kila mwisho wa mwezi kuna familia miongoni mwetu inayoshusha makochi ngazini. Vitu visivyoingia kwenye nyumba mpya vinapigwa picha na kuwekwa kwenye Facebook Marketplace. Wengi wetu tulianza maisha hapa Marekani kwa vitu vya namna hiyo: meza ya mtu tusiyemjua, friza ya mtu tusiyemjua, kigari cha mtoto kilichokwisha kulea watoto wa wengine. Kwa hiyo hatusemi kwamba kuuza vilivyotumika ni jambo baya. Ni uwakili mzuri kuliko kutupa, na fedha hiyo inasaidia kulipa kodi ya nyumba au kutumwa nyumbani.

Somo la leo linauliza jambo moja tu: mtu ambaye hatutamwona tena baada ya dakika tano za kukabidhiana, tunadaiwa nini naye?

Lililotupata nyumbani kwetu

Wakati wa baridi gari letu liligongwa kwa nyuma barabarani penye barafu. Hakuna aliyeumia, na mtoto wetu wa mwisho hakuwemo. Gari lilivutwa, bima ikalipa, nasi tukamshukuru Mungu. Kiti cha gari cha mtoto tulikitoa kikiwa kizima kwa macho, tukakiweka stoo. Miezi ikapita. Tulipokuwa tunahama tukakipangusa, tukakipiga picha, tukaandika "kama kipya", bei dola 40.

Hazikupita dakika ishirini, mama mmoja akaandika. Alikuwa mjamzito, amebakiza wiki chache. Aliuliza kama angeweza kukifuata jioni ile. Kisha akaongeza swali: kimewahi kuwa kwenye ajali?

Sisi tunaofanya kazi ya uuguzi hatuna pa kujificha mbele ya swali hilo. Ni sisi tunaowaambia wazazi wasitumie kiti wasichojua historia yake. Tulijua jibu. Hata hivyo pale mezani tulianza kujitetea: gari liligongwa nyuma, si ubavuni, kiti kilikuwa kitupu, hakina hata mkwaruzo, na dola 40 ni dola 40. Tuliandika "hapana" kwenye simu. Kabla hatujatuma, binti yetu mkubwa, ambaye ndiye aliyepiga zile picha, akauliza, "Kwani lile gari si lilivutwa?"

Tukafuta. Tukamwandikia yule mama kwamba kiti kilikuwemo katika gari lililogongwa hata likavutwa, kwamba hatukuuzi tena, na kwamba tunamwomba radhi kwa tangazo lile. Tukamwambia pia aulize hospitali atakayojifungulia, au idara ya afya ya kaunti yake, kwa kuwa sehemu nyingi zina mpango wa kuwapa wazazi viti kwa bei ndogo au bure. Hakujibu. Hatujui alipata kiti wapi. Sisi tulikata mikanda ya kile kiti kwa mkasi, tukaandika juu yake kwa kalamu nene kwamba kimepata ajali, ndipo tukakitupa, asije mtu akakiokota.

Baadaye tulipoyazungumza nyumbani tuliona kwamba uongo wetu haukuanzia kwenye neno "hapana", ambalo hata hatukulituma. Ulianzia kwenye maneno "kama kipya", na hayo tulikuwa tumeyatuma siku nzima bila kusutwa na moyo.

1. Mnunuzi haoni

Walawi 19:14 inakataza kumwekea kipofu kitu cha kumkwaza njiani. Kosa hili lina jambo la pekee: aliyekwazwa hawezi kumtambua aliyemkosea. Ndiyo maana mstari huo unamalizia kwa kutukumbusha kumcha Mungu, kwa sababu Yeye peke yake ndiye aliyeona.

Mnunuzi wa mtandaoni yumo katika hali hiyo. Anaziona picha nne tulizochagua sisi, kwa mwanga tuliouchagua sisi. Hajui kilichotokea stoo wala barabarani. Anapouliza swali, anaomba tumwazime macho yetu.

Tazameni pia jinsi sura hiyo inavyokwisha. Mstari wa 33 na 34 unazungumzia mgeni, na mara baada yake, mstari wa 35 na 36, zinakuja mizani na vipimo vya haki. Mgeni ndiye rahisi kupunjwa sokoni: hajui bei, hajui lugha, hana wa kumlalamikia. Sisi tunaijua hali hiyo. Kuna waliouziwa gari bovu mwezi wa kwanza tu wa kufika hapa. Waisraeli waliambiwa wakumbuke Misri. Sisi nasi tuikumbuke miezi yetu ya kwanza tunapoandika tangazo.

2. Ukuta wa juu ya dari

Nyumba za nyakati zile zilikuwa na paa tambarare, na watu walipanda huko kupumzika na kulala. Kumbukumbu 22:8 inamwagiza anayejenga nyumba mpya aweke ukuta mdogo kuzunguka paa, mtu asije akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba ile. Mwenye nyumba hakuruhusiwa kusema, "Alianguka mwenyewe." Hatari aliyoijua ilikuwa mzigo wake kabla mtu hajaumia.

Kuna vitu vya nyumbani ambavyo ni paa lisilo na ukuta. Tuvijue.

*Kiti cha gari cha mtoto.* NHTSA, mamlaka ya usalama wa barabarani ya Marekani, inashauri kiti kibadilishwe baada ya ajali ya kati au kubwa. Ajali inahesabiwa kuwa ndogo pale tu mambo yote matano yanapokuwa kweli: gari liliweza kuendeshwa kutoka mahali pa ajali, mlango ulio karibu na kiti haukuharibika, hakuna mtu ndani ya gari aliyeumia, mifuko ya hewa haikufunguka, na kiti hakionyeshi dalili ya kuharibika. Likikosekana moja, kiti kibadilishwe. Gari letu lilikosa la kwanza. Tazameni pia lebo iliyobandikwa kwenye kiti: ina tarehe ya kutengenezwa na namba ya modeli, na viti vingi vina mwisho wa matumizi. Makampuni mengi ya bima hulipia kiti kipya baada ya ajali. Sisi hatukuuliza. Ninyi ulizeni.

*Kitanda cha mtoto mchanga.* Vitanda ambavyo upande wake mmoja hushushwa na kupandishwa vilipigwa marufuku kuuzwa nchini hapa mwaka 2011, kwa sababu upande ule uliweza kuachia na watoto wakanaswa na kufa. Sheria ya mwaka 2022 imepiga marufuku pia vilalio vya watoto wachanga vilivyoinama, na zile pedi za kuzungushia ndani ya kitanda. Kama kipo kimoja stoo, hata kama kililea watoto wetu watatu salama, kisiuzwe wala kisitolewe.

*Pampu ya kukamulia maziwa ya mama.* Nyingi zimetengenezwa kwa mama mmoja tu. Maziwa huweza kuingia ndani mahali ambapo maji na sabuni havifiki.

*Helmeti ya baiskeli.* Ikishagonga chini katika ajali, kinga yake imekwisha, ingawa kwa nje inang'aa.

*Godoro na makochi.* Kunguni hawaonekani kwenye picha. Nyumba iliyokuwa nao isiuze godoro. Tumeona familia mpya zikihangaika miezi kwa sababu ya kitu kilichonunuliwa dola 30.

*Dawa.* Dawa uliyoandikiwa na daktari haiuzwi kamwe, hata kama imebaki nusu chupa na mwenzako ana ugonjwa ule ule.

Sheria ya Marekani ya mwaka 2008 inakataza kuuza bidhaa ambayo kiwanda kimeirudisha kwa sababu ya usalama, na CPSC, tume inayosimamia usalama wa bidhaa, inasema katazo hilo linawahusu hata wanaouza vilivyotumika. Kabla ya kuweka tangazo, andikeni jina na namba ya modeli kwenye tovuti ya CPSC; kwa viti vya gari, kwenye tovuti ya NHTSA. Ni kazi ya dakika tatu.

3. Kasoro isemwe kwanza

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Kitu chenye kasoro nacho kinauzika, mradi kasoro iwe ndani ya bei. Mashine ya kufulia inayovuja iandikwe kwamba inavuja, na pale inapovujia papigwe picha. Atakuja fundi atakayeifurahia. Na yule aliyekuwa aje na mume wake na gari la kukodi atabaki nyumbani na fedha zake.

Zaburi 15 inamsifu mtu anayeshika neno lake hata linapomletea hasara. Tumemwambia mtu wa kwanza, "Njoo saa kumi na moja, tumekuwekea." Saa kumi anakuja mwingine na dola 20 zaidi. Zaburi hii inahusu lisaa hilo moja lililobaki.

Sisi wanunuzi nasi tusijitoe. Mithali 20:14 inamchora mnunuzi anayekiponda kitu mbele ya muuzaji, kisha akienda zake anajisifu. Kupatana bei si dhambi. Kumdanganya muuzaji ili apunguze ni mizani ile ile, imeshikwa upande wa pili.

4. Uaminifu si ujinga

Yesu alipowatuma wanafunzi, katika Mathayo 10:16, aliwataja nyoka na hua pamoja. Basi tuwe waaminifu, lakini tusiwe mawindo.

- Mtu akiomba tumsomee namba sita zilizoingia kwenye simu yetu "ili ahakikishe sisi si matapeli", tapeli ni yeye. Namba hizo humwezesha kufungua akaunti kwa jina la simu yetu. Asipewe mtu.
- Mtu akisema ametuma fedha zaidi kwa bahati mbaya, anaomba tumrudishie ziada, tusirudishe chochote. Tuangalie salio ndani ya programu ya benki yenyewe, si kwenye barua pepe aliyotutumia.
- Tukutane mchana mahali penye watu. Vituo vingi vya polisi vimetenga sehemu kwenye maegesho kwa kazi hiyo. Vitu vikubwa vinavyochukuliwa nyumbani, awepo mtu mzima mwingine, na vitu visogezwe hadi mlangoni.
- Watoto wetu wanaotuandikia Kiingereza kwenye simu wasiachwe peke yao na mazungumzo hayo. Tena wanajifunza kwetu lipi ni jibu la kutuma.

5. Tunapotoa bure

Tunakushukuruni ninyi mnaoleta vitu kwa ajili ya familia zinazowasili. Lakini Malaki 1:8 inatuhoji. Makuhani walikuwa wakimtolea Mungu wanyama vipofu na vilema, nabii akawauliza kama mtawala wao angekubali zawadi ya namna hiyo. Kisichofaa kuuzwa kwa sababu ni hatari hakigeuki kuwa salama kwa kuitwa sadaka. Familia iliyofika wiki iliyopita haitauliza kama kiti kilipata ajali. Watasema asante na kumfunga mtoto wao humo. Mnapoleta kitu cha mtoto, semeni historia yake. Kama hamuijui, semeni pia.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Kati ya vitu tulivyouza au kutoa mwaka huu, kuna ambacho tusingependa kurudishiwa sisi wenyewe? Kwa nini?
2. Kama kuna aliyenunua kwetu kitu chenye hatari, na ujumbe wake bado umo kwenye simu, tunaweza kumwandikia nini leo?
3. Watoto: mmewahi kutusikia tukimwambia mteja jambo lisilo kweli? Semeni bila kuogopa. Wazazi, wasikilizeni hadi wamalize.

Sala

Bwana, unayeona ndani ya stoo zetu na ndani ya simu zetu, utusamehe maneno tuliyoyaandika kwa ajili ya fedha ndogo. Uwalinde watoto wa watu tuliowauzia bila kuwaza. Uwe na yule mama na mtoto wake popote walipo. Utupe mioyo ya kumwogopa Wewe pale ambapo hakuna mwingine anayeona. Kwa jina la Yesu, amina.

Jumapili ijayo baada ya ibada tutakaa ukumbini na simu zetu kuangalia viti vya watoto, kimoja kimoja. Leteni namba ya modeli, au ingieni na kiti chenyewe. Mungu awabariki.