Kompyuta ya Nyumbani Inapojizima na Kulia: Namna ya Kutafuta Chanzo

Kompyuta si kifaa cha ofisini pekee tena. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinavyoomba mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri huhitaji kutunza katiba, orodha ya wanachama na hesabu za marejesho, na mara nyingi kumbukumbu hizo hukaa katika kompyuta moja ya mezani, iliyonunuliwa ikiwa imekwishatumika, sebuleni kwa katibu. Kompyuta hiyo ikianza kujizima katikati ya kazi na kutoa milio ya king'ora, kilicho hatarini si lile kasha la bati. Ni hesabu za wanachama wote.

Kwa sababu hiyo hatua ya kwanza si matengenezo, bali ni kunakili mafaili. Kila mara kompyuta mbovu inapowaka, huenda ikawa mara ya mwisho. Mafaili muhimu yahamishiwe kwenye flashi au diski ya nje kabla bisibisi haijaguswa. Hata ikigoma kuwaka kabisa, diski yake huweza kutolewa na kusomwa katika kompyuta nyingine, mradi hakuna aliyeifuta. Hapa ndipo wengi hupotea: fundi husikia tatizo kwa dakika mbili kisha hushauri "kupiga windo" upya. Ushauri huo haupozi prosesa wala haukazi kumbukumbu iliyolegea, na usipofanywa kwa uangalifu hufuta kila kilichokuwamo.

Baada ya hapo, mtumiaji atambue kwanza nani analia. Mlio waweza kutoka ndani ya kasha, kwenye UPS au kwenye spika. UPS hulia kwa vipindi umeme wa gridi unapokatika, na hulia mfululizo betri inapokaribia kuisha au inapobebeshwa mzigo mkubwa kupita uwezo wake. Betri zake za risasi na asidi kwa kawaida hudumu kati ya miaka 3 na 5, hivyo UPS ya zamani huweza kulia na kuzima kompyuta ambayo yenyewe ni nzima. Mlio wa spika unaoandamana na tangazo lililojaza kioo, likidai kwamba kompyuta imevamiwa na virusi na kumtaka mtumiaji apige namba fulani, ni utapeli. Namba hiyo isipigwe, na neno la siri lisitolewe kwa yeyote. Kivinjari kifungwe kwa kubonyeza Alt na F4 kwa pamoja; kikigoma, zibonyezwe Ctrl, Shift na Esc ili kukifunga kwa nguvu.

Mlio wa ndani ya kasha ndio wa kusikilizwa kwa makini, pamoja na saa unapotokea. Kompyuta inayowaka vizuri, ikafanya kazi dakika 10 au 20, kisha ikalia kwa sauti ya kupanda na kushuka na kuzimika, aghalabu inalalamikia joto. Prosesa nyingi za sasa hujipunguzia kasi joto linapokaribia nyuzi 100 za Selsiasi, na hujizima zikizidi hapo ili zisiungue. Dalili nyingine ni kwamba ikiwashwa tena papo hapo hujizima mapema zaidi, lakini ikipumzishwa nusu saa hurejea kana kwamba haikuwa na neno.

Katika maeneo yenye barabara za vumbi na nyumba zenye madirisha ya nyavu, chanzo cha joto hilo hakihitaji kutafutwa mbali. Vumbi huganda kati ya mapezi ya kipoozeo cha alumini kilichokaa juu ya prosesa, likawa kama blanketi. Feni huendelea kuzunguka lakini hewa haipiti. Kompyuta izimwe, waya wa umeme uchomolewe, kisha kitufe cha kuwashia kibonyezwe kwa sekunde chache ili kumaliza umeme uliobaki kwenye bodi. Mfanyaji aguse bati la kasha ili kuondoa umeme tuli mwilini, ndipo atumie brashi laini ya rangi na pampu ya mkono. Feni zishikwe kwa kidole wakati wa kupuliza, kwani zikizungushwa kwa kasi na upepo huweza kuharibika. Ufagio wenye maji na kitambaa kibichi havina nafasi hapa. Iwapo usafi hautoshi, huenda feni imekwama au krimu inayopitisha joto kati ya prosesa na kipoozeo imekauka. Kuibadilisha ni kazi ndogo kwa fundi. Ukurasa wa bayosi huonyesha joto la prosesa na mwendo wa feni, na joto likizidi nyuzi 80 huku hakuna programu yoyote iliyofunguliwa, upoozaji umeshindwa.

Milio inayotokea mara tu kompyuta inapowashwa, kabla kioo hakijaonyesha kitu, ni habari nyingine. Hiyo ni lugha ya bodi kuu, na kila mtengenezaji ana yake. Katika kompyuta nyingi zenye bayosi ya Award, mlio mmoja mrefu ukifuatwa na miwili mifupi hulenga kadi ya video. Mpangilio wa milio uandikwe, kisha ulinganishwe na kitabu cha bodi hiyo. Kabla ya kununua chochote, vijiti vya kumbukumbu vichomolewe, meno yake ya dhahabu yasuguliwe taratibu kwa kifutio safi cha penseli, na virudishwe mpaka vishikizo vya pembeni vijifunge. Vikiwa viwili, kijaribiwe kimoja kimoja. Jambo hili halina gharama, na limefufua kompyuta nyingi zilizokwisha kutangazwa kuwa zimekufa.

Kujizima bila mlio wowote, hasa jioni taa zinapofifia au jirani anapowasha mashine ya kuchomelea, hunyooshea kidole umeme. Umeme wa majumbani nchini ni wa volti 230. Ukishuka sana, pawa saplai dhaifu hushindwa kuubeba. Stabilaiza husaidia, na UPS nzima humpa mtumiaji dakika za kuhifadhi kazi. Baadhi ya pawa saplai za zamani zina swichi ndogo nyuma yenye alama za 115 na 230, na anayenunua kompyuta iliyotumika nje aitazame kabla ya kuchomeka. Pawa saplai yenyewe isifunguliwe nyumbani. Ndani yake hubaki umeme wa zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomolewa, nao huweza kuua.

Kioo cha bluu chenye maandishi kabla ya kuzimika kipigwe picha kwa simu. Msimbo ulioandikwa hapo humwokolea fundi saa nyingi. Diski inayotoa sauti ya kugongagonga haina dawa ya programu, na kila dakika inayoendelea kuwaka hupunguza uwezekano wa kuokoa mafaili.

Kompyuta ikipelekwa kwa fundi, iandikishwe kwa namba yake na vifaa vilivyomo, ukubwa wa diski na kumbukumbu ukiwamo. Taarifa za wanachama, kama vile namba za vitambulisho na simu, zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, hivyo ni vyema diski ibaki kwa katibu endapo tatizo ni feni au pawa saplai. Diski ikibadilishwa, ile ya zamani irudi kwa kikundi. Bodi na betri zilizokufa zisichomwe pamoja na taka za nyumbani, kwa kuwa zina risasi na sumu nyingine. Zitunzwe pakavu, mbali na watoto, mpaka zikabidhiwe kwa mkusanyaji wa taka za kielektroniki mwenye kibali.