Kidole Kisichosomeka: Usahihi wa Vihisi vya Kapasita na Huduma ya Afya Mbinga na Mwambao wa Ziwa Nyasa

Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole, ambao tarehe yake ya mwisho ilikuwa 20 Januari 2020, uliwafikisha Watanzania wa kila rika mbele ya kifaa kidogo cha kusoma vidole. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeongeza haja ya kumtambua mgonjwa bila kumkosea, na vifaa vya namna hiyo vinazidi kutajwa katika mipango ya vituo vya afya. Kwa mtu wa kazi ya kalamu, kuweka kidole ni jambo la sekunde mbili. Kwa mkulima wa kahawa wa Mbinga, au mama anayeanika usipa Mbamba Bay, kidole chaweza kukataliwa mara tatu au nne huku foleni ikinung'unika nyuma yake. Akiondoka bila dawa, kosa hilo si la mashine peke yake tena.

Vifaa hivi ni vya aina kadhaa. Vingine hupiga picha ya kidole kwa mwanga. Kihisi cha kapasita hakitumii mwanga, bali hupima umeme. Mkazi wa Umatengo anaweza kukielewa kwa kukumbuka ngoro: matuta yaliyoinuka, na mashimo katikati yake. Ngozi ya ncha ya kidole nayo ina matuta na mabonde, na kutoka tuta moja hadi jingine ni takriban nusu milimita. Chini ya kidole kuna safu za vibamba vya metali, kila kimoja kikiwa na upana wa karibu 0.05 mm. Kibamba na ngozi, vikitenganishwa na kihami, huwa kapasita. Ngozi ikiwa karibu, kapasita huhifadhi chaji nyingi. Ikiwa mbali, huhifadhi kidogo. Mashine husoma tofauti hiyo kibamba kwa kibamba na kuchora ramani ya matuta.

Tofauti yenyewe ni ndogo mno. Tuchukulie bonde lenye kina cha 0.05 mm lililojaa hewa: kapasita yake ni kama femtofaradi 0.4, na femtofaradi ni faradi moja iliyogawanywa kwa bilioni milioni moja. Tuta likigusa koti la kinga lenye unene wa 0.01 mm, kwa hesabu isiyozingatia ngozi iliyokufa, hufika femtofaradi 9 hivi. Wakati huohuo nyaya za ndani ya kihisi zina kapasita yake, ambayo huweza kuzidi sana ile inayotafutwa. Ni sawa na kutafuta uzito wa punje moja ya kahawa kwa kupima gunia zima, kwanza likiwa nayo kisha bila hiyo.

Ndiyo maana kazi kubwa ya mhandisi wa saketi ni kuondoa kisichotakiwa. Chini ya kila kibamba huwekwa kibamba cha ngao kinachoendeshwa kwa volti ileile, ili kati yao pasiwe na tofauti ya kuhifadhi chaji. Kipimo huchukuliwa mara mbili, kabla na baada ya kuchaji, na cha kwanza hutolewa katika cha pili. Hitilafu iliyomo katika vyote viwili huondoka. Kihisi kikiwa kitupu, huhifadhi sura yake kisha huitoa katika kila picha, hivyo vibamba vyenye kasoro ya kudumu havichori matuta ya uongo. Kelele isiyo na mpangilio hupunguzwa kwa kurudia: vipimo 16 vikikadiriwa wastani, kelele hubaki robo. Faida hiyo hulipiwa kwa muda, na mgonjwa mwenye mkono unaotetemeka hawezi kutulia muda mrefu.

Kelele ya umeme wa gridi ni jambo jingine. Mzunguko wa hertzi 50 hukamilika kila milisekunde 20, na saketi inayojumlisha kipimo kwa muda huo kamili huifuta kwa sehemu kubwa. Chaja hafifu na soketi isiyo na waya wa ardhini, ambao mafundi huuita ethi, huharibu kazi hiyo yote. Kabla ya kumlaumu mgonjwa, mhudumu achomoe chaja na ajaribu tena kwa betri. Ni jaribio la bure, na mara nyingi husahauliwa.

Hali ya hewa ya Mbinga na ya mwambao huleta matatizo yanayopingana. Katika milima, miezi ya baridi na ukavu hukausha ngozi. Ganda la nje, ambalo ni seli zilizokufa, hugeuka kihami cha nyongeza na tuta huonekana kama liko mbali. Kando ya ziwa, joto na maji ya samaki hujaza mabonde. Maji yana kipeo cha kihami cha karibu 80 ilhali hewa ina 1, na jasho lenye chumvi hupitisha umeme. Bonde hufanana na tuta, picha ikawa doa jeusi. Kihisi kizuri hubadili ukuzaji wake kulingana na kidole kilichowekwa. Vingine vina fremu ya metali inayopeleka mawimbi kwenye ngozi hai iliyo chini ya ganda kavu, na hivyo ndivyo vinavyofaa mikono ya jembe.

Yapo pia magonjwa na dawa. Ukurutu hupasua matuta, na ukoma ulioharibu neva huweza kufupisha vidole. Kapesitabini, dawa ya saratani, huweza kuchubua viganja na nyayo hadi alama zikapotea. Mwaka 2009 madaktari wa Singapore waliripoti habari za mgonjwa wao, mwenye umri wa miaka 62, aliyezuiliwa saa nne na maofisa wa uhamiaji wa Marekani kwa kuwa vidole vyake havikuwa na alama. Mgonjwa anayeanza dawa hiyo apewe barua ya kueleza hali yake mapema.

Kuchubuka kwa juujuu hakuondoi alama moja kwa moja. Henry Faulds, daktari mmisionari Mskoti aliyefanya kazi Tokyo na kuandika kuhusu alama za vidole katika jarida la Nature mwaka 1880, alijaribu kusugua matuta hadi yakaisha. Yaliota tena vilevile.

Kishawishi cha kulegeza kipimo cha ulinganisho ili kila mtu apite ni cha hatari. Kikilegezwa, jalada la mtu mwingine laweza kufunguka, likiwa na mzio wake wa penisilini au dozi zake za ARV. Ikiwa uwezekano wa kufananisha kimakosa ni 1 katika 10,000, na hospitali ina majalada 20,000, utafutaji mmoja katika majalada yote huweza kuleta watu wawili wasiohusika. Mgonjwa akitaja kwanza namba ya kadi, mashine hulinganisha na jalada moja tu. Badiliko hilo la utaratibu huleta usahihi kuliko saketi ya bei ghali.

Wakati wa kusajili, vichukuliwe angalau vidole viwili vya kila mkono. Kidole kilicholowa kikaushwe kwa kitambaa safi. Kilichokauka kipakwe mafuta kidogo, yafutwe, kisha kijaribiwe baada ya dakika chache. Kihisi kisafishwe kwa kitambaa laini kama mtengenezaji alivyoelekeza, wala kisimwagiwe klorini. Baada ya majaribio matatu mgonjwa atambuliwe kwa kadi, jina na tarehe ya kuzaliwa, naye ahudumiwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahesabu taarifa za kibayometria kuwa nyeti, hivyo mgonjwa ana haki ya kuuliza alama zake zinahifadhiwa wapi na nani anaziona. Mwenye kidonda kidoleni asajiliwe kwa kingine, na aitwe tena kidonda kikipona.