Maumivu Chini ya Mbavu

Mjamzito wa miezi minane akisema chembe cha moyo kinamuuma, ataambiwa ni kiungulia. Mara nyingi ni kweli. Maswali haya yanahusu zile mara chache.

Swali: Ni wakati gani si kiungulia?

Maumivu yakishika kulia, chini ya mbavu, pamoja na kutapika au kichwa kuuma, mkunga mzoefu haishii kwenye presha; anaagiza damu ipimwe. Anachohofia ni HELLP, ndugu wa kifafa cha mimba, ugonjwa uliopewa jina na Louis Weinstein, daktari wa Marekani, mwaka 1982. Chembe nyekundu za damu hupasuka, ini huumia, na chembe sahani, zile zinazogandisha damu, hushuka hata chini ya 100,000 kwa maikrolita. Mtego wake ni huu: baadhi ya wagonjwa presha yao ni ya kawaida kabisa. Wengine huugua wakiwa wameshajifungua.

Swali: Dawa yake?

Kuzalishwa. Magnesiamu salfeti huzuia degedege, lakini chanzo ni kondo la nyuma, na lazima litoke.

Swali: Macho yakiwa ya manjano?

Hapo hakuna kungoja tarehe ya kliniki. Huenda ini limejaa mafuta ghafla, jambo nadra sana, au ni homa ya ini aina E, inayoenea kwa maji machafu. Virusi hivyo huwapitia wengi bila madhara makubwa, ila wajawazito huvimudu kwa shida. Katika mlipuko wa Dadaab, Kenya, mwaka 2012, vifo 10 viliripotiwa. 9 vilikuwa vya wanawake waliotoka kujifungua.

Swali: Na wengu?

Huko ni nadra zaidi, na hatari zaidi. Ateri ya wengu huweza kututumka kama puto, hasa kwa mwenye shinikizo kubwa kwenye mishipa ya ini, na mimba huulegeza ukuta wake. Ikipasuka, damu pengine hunaswa kwanza nyuma ya tumbo la chakula. Mama anazimia, kisha anazinduka. Ndugu wanashukuru Mungu. Saa chache baadaye damu inamwagika tumboni, na madaktari wanadhani kondo limebanduka au mfuko wa uzazi umechanika. Katika visa vilivyoripotiwa, takriban robo tatu ya akina mama hao walifariki.

Uvimbe huo ukionekana mapema kwenye picha, hata kama haujafika sentimita 2, mwanamke anayetaka mtoto huzibwa mshipa huo kabla hajashika mimba.